Debe la Unga wa Mbao

Mvua kubwa ya mwaka wa tisini na saba ilipoanza, Filister alifanya alichokuwa akifanya kila anga linapotisha. Aliwapitia watu wake kichwani, mmoja mmoja, kama mtu anayehakikisha kuku wote wameingia bandani. Dishon, mumewe, alikuwa kazini kwenye kiwanda cha sukari huko Awendo, na kiwanda kina paa. Caren, binti yao, alikuwa shuleni, na shule iko mahali pa juu. Alibaki mama mkwe, Dani Rispa, yaani bibi Rispa kwa Kijaluo, peke yake katika boma la udongo karibu na ziwa, Homa Bay. Hapo ndipo moyo ulipokwama.

Na moyo haukumdanganya. Ukuta wa jiko la Dani ulilainika kama uji, ukaangukia ndani, ukafukia mawe matatu ya moto aliyopikia tangu alipoolewa. Dishon alikwenda kumchukua, akamleta Migori kwenye nyumba yao ya kupanga upande wa Oruba, vyumba viwili na kibanda cha mabati nyuma cha kupikia.

Dani aliingia uani amejifunga leso kichwani, viatu mkononi, matope mpaka magotini. Watu wengine wakikimbia mafuriko huokoa blanketi. Yeye aliokoa Biblia, nguo chache, na mkebe wa mafuta ya kupikia uliofungwa mdomo kwa nailoni. Hakugusa mlango wa nyumba. Alielekea moja kwa moja kwenye kibanda.

"Huu ni wa jikoni," alisema, akiupiga mkebe kofi dogo.

"Aa, Mama! Jikoni unaenda kufanya nini? Umechoka." Filister alimpokonya mkebe kwa heshima zote, akausukuma chini ya kitanda pamoja na nguo, akamkalisha kwenye kiti cha Dishon, kile chenye kitambaa cha kufuma mgongoni. "Wewe hapa ni kukaa tu. Hata kijiko usiinue."

"Hata kijiko?"

"Hata kijiko, Mama."

Dani alimtazama kidogo, akaweka mikono yake miwili mapajani. Filister aliona jambo hilo limekwenda vizuri sana.

Sasa, huko jikoni alikokatazwa kuingia kulikuwa na debe. Ukiliona ungesema ni takataka: debe kuukuu lililokatwa mdomo, limepigwa tundu ubavuni karibu na chini, limekuwa jeusi kama nyuma ya sufuria. Lakini lilikuwa jiko, na kwa Filister lilikuwa zaidi ya jiko.

Yeye alizaliwa Oyugis, mtoto wa mwanamke aliyeuza viazi vitamu sokoni. Aliacha masomo darasa la sita mama yake alipougua, na hakuwahi kurudi. Alipoolewa Homa Bay alikuwa msichana mwembamba mwenye kuogopa kila kitu: mbwa, radi, hata kikohozi cha baba mkwe, ambaye alikuwa fundi wa mashua na hakuwa na neno na mtu. Kwa desturi ya Wajaluo, mke aliyeletwa nyumbani hajiwashii moto wake. Hupika jikoni kwa mama mkwe, akitumwa maji na kufundishwa, mpaka siku mama mkwe mwenyewe atakapomwekea mafiga kwa mkono wake. Siku hiyo ndipo huitwa mwenye nyumba.

Siku ya Filister ilipofika, Dani aliweka mawe matatu kama ipasavyo. Kisha akaleta debe. Dishon alikuwa amepata kazi mbali na nyumbani, na bibi harusi alikuwa akiondoka naye.

"Mawe hayapandi gari, nyar Kasipul," Dani alimwambia, akimwita binti wa Kasipul kwa jina la eneo la kwao Oyugis, kama waume na mama wakwe wa huko wanavyopenda kuwaita wake walioletwa kutoka mbali. "Hili ndilo litakwenda nawe."

Akamwonyesha. Unasimamisha chupa katikati ya debe. Unapitisha kijiti kinene kwenye tundu la ubavuni mpaka kiguse chupa. Halafu unajaza unga wa mbao, ule unaoanguka chini ya msumeno, ukiushindilia kwa ngumi kidogo kidogo. Ukishajaa unazungusha chupa polepole, kama unayemgeuza mtoto aliyelala, unaichomoa, unatoa na kijiti. Inabaki njia ya moto. Unawasha kwa chini kwa karatasi. Moshi unatoka kidogo, unakasirika, unanyamaza, kisha unga unaungua wenyewe bila kupulizwa wala kuchochewa, adhuhuri mpaka magharibi. Juu unaweka wavu, juu ya wavu ngege, yule samaki wa ziwani, mzima aliyepasuliwa mgongo. Unga wao ulikuwa wa mti wa siala, uliotoka chini ya msumeno wa baba mkwe, na samaki aliyeiva hapo alikuwa na harufu ambayo Filister hakuipata tena popote.

Chupa yenyewe ilikuwa ya bia. Dani, mama wa kanisa asiyekosa Jumapili, aliiviringisha kitambaa cheupe na kuifungia sandukuni, asije mchungaji akaiona.

"Na akiiona?" Filister aliuliza siku hiyo.

"Nitamwambia inanywa unga wa mbao."

Walicheka wakashikana mabega, mama mkwe na mke wa mwanawe, na tangu siku hiyo Filister hakumwogopa tena. Ndiyo maana debe lile, miaka yote ya Migori, alilifuta majivu kwa mkono wake na hakumruhusu hata Caren kulibeba.

Jumamosi ya kwanza baada ya Dani kuja, Filister aliamka na wazo la kumfurahisha. Alipata ngege wawili walioletwa kutoka Sori ziwani, adimu kwa mvua ile. Akalishindilia debe, akawasha, akaweka wavu. Unga ulikuwa na unyevu kidogo, moshi ukachelewa kunyamaza, lakini mwishowe samaki wakaanza kutoa mafuta. Filister alikuwa akiwageuza aliposikia mlio mdogo, kama mtu aliyetafuna mfupa. Chini ya debe, kulikoliwa na kutu ya mvua na miaka, kulikatika kabisa. Moto, unga, wavu na samaki vilianguka pamoja kwenye tope la kibanda.

Kutoka sebuleni sauti ya Dani iliuliza, "Nyar Kasipul, ni nini?"

"Ni paka, Mama!"

Na hilo ndilo lilikuwa kosa, ingawa wakati ule lilionekana kama huruma. Angemwambiaje mama ambaye mafiga yake yalikuwa chini ya udongo Homa Bay kwamba na moto aliompa mke wa mwanawe umekufa? Alilipeleka debe nyuma ya bafu, akaligeuza juu chini. Siku hiyo walikula mayai.

Baada ya hapo Dani akaacha kula. Hakuacha kwa ghafla. Alikuwa akimega tonge la ugali, kisha nusu tonge, kisha anachovya kidole kwenye mchuzi na kusema, "Asante, nimeshiba. Mungu awabariki." Alisema kwa adabu nyingi mno. Mwanamke ambaye zamani alimrudishia mpishi bakuli kwa sababu vitunguu vilikatwa vikubwa, sasa alisifu kila kitu na hakula chochote. Shingo ilianza kuonyesha mishipa. Filister alimwona asubuhi akifunga leso kiunoni, akaona fundo limesogea.

Alimpeleka zahanati. Wakampima, wakasema hawaoni ugonjwa, ni uzee na mawazo.

"Atanifia hapa," Filister alimwambia Dishon walipokuwa wawili uani. "Atafia nyumba ya kupanga, na watu wa Homa Bay watasema nilimnyima."

"Nani atasema?"

"Wote. Hata wewe, siku moja ukiwa na hasira."

Dishon alikuna kichwa. "Basi mpikie anachotaka."

"Anataka wale samaki wa debe. Najua. Lazima nipate jiko lingine kabla hajajua lile limekufa."

"Mwanamke, ni jiko tu."

"Wewe ulikula juu yake miaka yote hiyo, leo unaliita jiko tu!"

Basi ikaanza safari ya kutafuta jiko. Alianza dukani kwa Noordin, mfanyabiashara aliyeuza taa, masufuria na majiko ya mafuta ya taa yenye tambi. Noordin alimtolea moja la rangi ya samawati, linang'aa kama yai la chemli.

"Hili, dada yangu, halina moshi, halina majivu. Mvua inyeshe isinyeshe, wewe unapika umekaa."

"Linachoma samaki?"

Noordin alisita. "Linakaanga."

"Nimekuuliza kuchoma."

"Dada, mimi nauza jiko, siuzi ziwa. Jaribu. Likikushinda, rudisha likiwa safi."

Alijaribu. Aliweka wavu juu ya ule moto wa samawati, samaki akaiva vizuri kwa macho. Dani alitia kipande kinywani, akakitafuna polepole sana, akakimeza kama anayemeza kidonge. "Asante, nimeshiba." Filister alionja kilichobaki. Kilikuwa na ladha ya mafuta ya taa. Alilisugua jiko kwa majivu mpaka likang'aa, akalirudisha.

Kisha akamwendea Mirumbe, Mkuria wa Ntimaru aliyefua bati kando ya soko, mtu wa mdomo mrefu na nyundo fupi. Mbele yake palikuwa na majiko ya kila aina, makubwa kwa madogo, na karai za kuogea watoto.

"Nataka debe la unga wa mbao, kama lile la zamani."

"La zamani lilikuwa na umri gani?"

"Caren hajazaliwa."

Mirumbe akapiga mluzi. "Mama, hilo halikutoboka. Hilo lilistaafu." Akamkatia debe jipya, akalipiga tundu, akalitia na mshikio. "Hili litakuzika wewe, sio wewe ulizike."

"Usiniambie mambo ya kuzika," Filister alisema, na uso wake ulivyokuwa, Mirumbe hakutania tena.

Unga aliupata kwa maseremala wa pale pale sokoni. Ulikuwa wa saipras, mti wa mbao za dari, wenye utomvu, na mvua ilikuwa imeufikia. Aliuanika ndani, juu ya magazeti, chini ya meza, kila mahali. Jumamosi alishindilia, akawasha. Moshi ulitoka, ukakasirika, na haukunyamaza. Ulijaa kibandani, ukapenya nyumbani, mzito, wenye harufu ya dawa ya mbao. Caren alitoka na vitabu vyake akikohoa. Dani naye alitoka, leso puani, akazunguka nyumba kutafuta hewa.

Filister aliwaepua samaki, wachungu kama shubiri, akawatupa. Ndipo akakumbuka ni wapi hewa ilipo: nyuma ya bafu.

Alimkuta Dani amechuchumaa mbele ya debe la zamani. Kuku wa jirani alikuwa amepata mlango pale chini palipokatika, akatamia ndani. Dani hakuwa na hasira. Alikuwa anapapasa kutu kwa kidole.

"Huyu ndiye paka?" aliuliza.

Filister alipiga magoti kwenye matope. "Nisamehe, Mama. Nilikuwa natafuta lingine. Nilitaka ule."

"Nile nini?"

"Samaki kama wale. Najua ndio unaowakosa."

Dani alimgeukia, akamshangaa kweli kweli. "Nyar Kasipul, mimi nimekula samaki tangu sina meno mpaka sasa meno yananiacha. Samaki sio anayenishinda."

"Sasa ni nini?"

Bibi kizee alimtazama kuku. "Kule kwangu moto uko chini ya ukuta. Nikaja kwako, nikasema, hapa pia kuna moto wangu, niliuweka mimi. Nikataka kuingia, ukanikalisha kwenye kiti. Nikauliza kimelia nini, ukaniambia paka. Nikasikia unaleta jiko, unarudisha jiko, unaleta lingine, na mimi niko hai, niko hapo nyuma ya ukuta, hujaniuliza. Basi nikajua mimi ni mgeni. Na mgeni, mwanangu, hali kwa tumbo. Mgeni anaonja, anashukuru."

Mvua ilianza tena, nyepesi. Hakuna aliyeinuka. Filister aliona jinsi ilivyokuwa: kwa heshima yake yote, kiti, kitambaa, usiinue kijiko, alikuwa amemjengea mama huyu ukuta wa pili. Na moto alikuwa akiuwasha mwenyewe, jiko baada ya jiko, kama mwanamke asiye na mama mkwe!

"Mama," alisema, "mvua ikikatika, tutakwenda kwa Mirumbe. Wewe uchague. Wewe uniwekee."

"Mimi mwenyewe?"

"Kwani ni nani mwingine?"

Jumatatu, mbingu ziliposhika pumzi, walikwenda, Dani akiegemea mkono wake na kukanyaga mawe makavu. Mbele ya Mirumbe alibadilika. Aliinama juu ya majiko kama mzee anayekagua ng'ombe wa mahari. Aligonga kila moja kwa kifundo cha kidole, akatega sikio, akaingiza mkono ndani, akauchungulia mlango wa majivu. Debe jipya la Filister, lililorudishwa kwa aibu, aliligonga pia.

"Nyembamba," alisema.

"Dani, hiyo ni bati safi!" Mirumbe alijitetea.

"Ulishona kama nguo ya mtoto. Akikua kidogo, inapasuka."

Filister alikuwa amesimama kando akingoja. Alijua Dani angetaka debe nene, moja la zamani labda, kutoka chini ya rundo. Alikuwa tayari hata lifuliwe upya kama ikibidi.

Dani akanyoosha kidole. "Lile."

Lilikuwa jiko la makaa, bati nje na udongo ndani, kiuno chembamba, juu na chini pana kama ngoma. La kisasa kabisa. Kila mama wa Migori alikuwa nalo isipokuwa Filister, aliyelikataa miaka yote kwa ajili ya debe.

"Mama, lile? Si la unga wa mbao."

"Naona."

"Nilidhani wewe..."

"Nilishindilia unga tangu ujana wangu, kwa sababu mume wangu alikuwa na msumeno na unga ulikuwa hauna mwenyewe. Unafikiri mikono hii haikuchoka? Lile nililiona mara ya kwanza soko la Oyugis, nilipokwenda mazishi ya mama yako. Nikalitamani mpaka nikasahau kulia. Debe ni wewe uliyelipenda, nyar Kasipul. Mimi nilikupa tu nilichokuwa nacho."

Mirumbe aliangua kicheko, akaziba mdomo kwa kiganja. Filister alibaki na uso wa moto. Kisha naye akacheka, kwa sababu ilikuwa kweli: harufu ile aliyokuwa akiitafuta kwa Noordin na kwa maseremala haikuwa ya Dani. Ilikuwa yake mwenyewe, ya msichana mwembamba wa Oyugis aliyeacha kuogopa siku moja jikoni.

Walirudi, Filister amelibeba jiko kichwani. Kibandani hakuligusa tena. Alisimama nje ya mlango, kama alivyosimama zamani, na Dani akaingia. Alifagia majivu ya saipras, akasawazisha udongo kwa kisigino, akaliweka jiko, akalizungusha mpaka mlango wa majivu ukatazama upande upepo unakotoka. Akaweka makaa, akawasha, akapunga kwa kipande cha karatasi ngumu. Makaa yakaanza kuwa mekundu.

"Sasa leta mkebe wangu," alisema.

"Mkebe gani?"

"Ule uliolaza chini ya kitanda kama mgonjwa."

Filister alikwenda, akauvuta, akafungua nailoni. Harufu ilimpanda kabla hajaona kilichomo. Ulikuwa unga wa siala, mkavu, mwekundu kidogo, uliokaa darini juu ya moto wa Dani tangu baba mkwe akiwa hai. Ndani yake, imeviringishwa kitambaa, ilisimama chupa ya bia.

"Nilijua mvua hii imelowesha wako," Dani alisema bila kumtazama, akipanga wavu. "Nikakuletea. Hukuniuliza."

Ngege alikuwa mmoja tu sokoni siku hiyo, tena mdogo, kwa sababu gugumaji lilikuwa limefunga ghuba na mitumbwi ilikuwa haitoki ovyo. Dani alimpasua mgongo mwenyewe, akamlaza juu ya wavu. Samaki alipoanza kudondosha mafuta, Dani alichota unga kwa vidole, akaunyunyiza juu ya makaa. Ukatoka moshi mwembamba, mtamu, ukapanda ukapita kwenye nafasi za mabati. Dishon, aliyekuwa anaingia uani kutoka kazini, alisimama na begi lake begani, akanusa.

"Nani amefika?" aliuliza. "Baba?"

Samaki alipoiva, walikula mle mle kibandani, juu ya vigoda, sahani magotini, kiti chenye kitambaa cha kufuma kikiwa kitupu sebuleni. Filister hakula. Alikuwa anautazama mkono wa Dani. Mkono ulimega ugali, ukauviringisha, ukashuka kwenye samaki, ukapanda. Ukasimama. Dani alitafuna, akakunja uso, akaisukuma sahani mbele.

Filister alijiinua kigodani. "Mama?"

"Nyar Kasipul," Dani alisema kwa sauti ya zamani, ile iliyokuwa ikirudisha mabakuli, "nyumba hii haina chumvi? Na hiki kichwa umemwekea nani? Nipe."